Damu Isipoganda: Somo kwa Aliyeumwa na Nyoka

Ndugu zangu, likizo inakaribia na wengi wetu tutarudi vijijini, ambako nyoka ni jirani. Tujifunze hatari moja isiyoonekana kwa macho: damu kukosa kuganda.

Ndani ya damu mna protini iitwayo fibrinojeni, ambayo hugeuka nyuzi za kuziba jeraha. Sumu ya ngole, nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, huigandisha damu ovyo mwilini hadi fibrinojeni inakwisha. Hapo fizi na pua huanza kutoa damu, na huweza kuvujia hata ubongoni. Mwaka 1957, huko Chicago, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa na ngole mdogo. Hakwenda hospitali, siku ya pili alifariki. Kwa hiyo mgonjwa kujiona mzima saa za mwanzo si dalili ya usalama.

Kipimo chake ni rahisi. Mhudumu hutia damu kidogo ya mshipani katika chupa safi ya kioo, akaiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha akaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imeshaharibu ugandaji.

Tiba yenyewe ni dawa ya kuzuia sumu, inayotiwa mshipani na daktari aliye tayari kukabili mzio mkali. Kuongeza damu peke yake hakutoshi, kwani sumu iliyobaki huila na hiyo mpya. Baada ya saa 6 kipimo hurudiwa, maana ini huhitaji muda kutengeneza fibrinojeni nyingine. Ngole ana dawa yake maalumu, itengenezwayo Afrika Kusini. Ya nyoka mchanganyiko haimfai. Basi eleza umbo la nyoka, lakini usimfukuze.

Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, wala usimpe aspirini. Mtulize, kiungo kisitikisike, apelekwe haraka.

Na ruqya je? Sahaba alimsomea al-Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wa sumu, akapona, na Mtume (s.a.w.) akaridhia. Mtume huyo huyo alituamrisha kutafuta dawa. Basi msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali, msikae nyumbani mkisubiri.

Wabillahi tawfiq.