Utafiti wa hatari: Je, uchapishwe au ufichwe?

Mtaalamu akigundua jambo, desturi ni kulitangaza katika jarida la sayansi ili wenzake walipime na kulisahihisha. Je, afanyeje ikiwa ugunduzi wenyewe waweza kumfaa mtu mwenye nia mbaya?

Swali hili lilizua mabishano makali mwaka wa 2011 kuhusu homa ya ndege aina ya H5N1. Binadamu huipata kwa nadra, hasa akishika kuku wagonjwa, lakini zaidi ya nusu ya waliothibitishwa kuambukizwa kufikia wakati huo walikuwa wamefariki. Nafuu ni kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu.

Ron Fouchier wa Rotterdam, Uholanzi, na Yoshihiro Kawaoka wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walitaka kujua kama hali hiyo yaweza kubadilika. Fouchier alivibadilisha virusi vyenyewe. Kawaoka alichukua sehemu ya H5N1 akaiunganisha na virusi vya mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009. Wote wawili walipata virusi vilivyosambaa kwa hewa kati ya fereti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche ambao huugua mafua karibu sawa na binadamu.

Makala yao yalipofika kwa majarida ya Science na Nature, bodi ya washauri wa serikali ya Marekani ilitaka, Desemba 2011, maelezo ya jinsi kazi ilivyofanywa yaondolewe. Lakini wanaochunguza kuku wagonjwa katika nchi zenye homa hiyo wangejuaje ni mabadiliko yapi ya kutazamia? Wapewe maelezo kwa siri? Nani angewachagua? Njia ya kufanya hivyo haikuwapo.

Februari 2012, mkutano wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mjini Geneva uliunga mkono kuchapishwa kwa makala yote kikamilifu. Mwezi uliofuata bodi ilibadili msimamo, ingawa kwa makala ya Fouchier, ambayo yalikuwa yamefanyiwa marekebisho, kura zilikuwa 12 kwa 6. Nature ilichapisha Mei, Science ikafuata Juni.

Kwa maoni yangu, wahariri walitwishwa mzigo usio wao. Hata wangekataa makala hayo, virusi vilikuwa tayari vimo katika friji za maabara. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ya Marekani ilitoa utaratibu wa kuukagua utafiti wa namna hii kabla ya kuugharimia.