Kumbe Machozi Unayo

Mwanangu wa Mishomoroni,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wasema mkeo alikukuta saa sita usiku, simu mkononi, ukilia kwa ajili ya Opportunity, kile kigari kilichozimikia Mirihi. Akakwambia, "Kumbe walia kwa chuma!" Tangu siku hiyo mwanuniana, nawe waniuliza kama akili zako ni timamu.

Ni timamu, mwanangu. Kigari kilitua Januari 2004, kikitarajiwa kufanya kazi miezi mitatu tu. Kilijikokota zaidi ya miaka 14, hadi dhoruba ya vumbi ya 2018 ilipoziba jua na sola zikashindwa kuchaji betri. Waliokilea walikiita zaidi ya mara elfu moja kabla ya kukubali, Februari 2019, kwamba hakitaitika. Nani asiguswe? Na sisi watu wa pwani, kuguswa na chuma cha angani si jambo geni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kutafuta miali ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kule Ngomeni. Ingeweza kubaki na nambari yake, lakini walioituma waliipa jina letu: Uhuru.

Ila yale maneno yaliyokuliza, ya kwamba betri inaisha na giza linaingia, kigari hakikuyasema. Kilituma vipimo tu: umeme uliobaki, mwanga uliopo. Mwandishi wa habari ndiye aliyevitilia sauti ya mtu. Kwa hivyo kilichokuliza wewe ni huruma ya binadamu mwenzio, aliyesoma tarakimu akaona upweke.

Na hapo ndipo nilipomwona mkeo. Kwa mstari mmoja, tena mbiombio, umeandika kwamba mamake alifariki mwaka jana, nawe ukashughulika na turubai, maji na sufuria mpaka matanga yakaanuliwa. Hukudondosha chozi. Wewe wadhani anakucheka. Mimi namsikia akisema: kumbe machozi unayo, mbona kwangu hukuyatoa?

Basi usikitetee kigari, wala usimsomeshe habari za Mirihi. Leo baada ya chakula iache simu chumbani, ukae naye kibarazani. Mwambie siku ile ulijificha nyuma ya sufuria kwa sababu uliogopa kulia. Kisha muulize: alipokuwa mdogo, mamake alikuwa akimwita jina gani?

Shangazi yako