Barua Pepe Yako Imefika, au Iko Foleni?

Msimu wa kuomba shule za mafunzo kwa vitendo ukifika, hapa Mtendeni utasikia kila kona: "Nimetuma barua pepe, mkuu wa shule hajajibu." Kabla ya kumlaumu, tujiulize kama barua ilifika.

Tabora inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1871 vita vya Mirambo vilifunga njia ya Ujiji, na barua za Livingstone zikakwama Kwihara, nje kidogo ya mji wetu. Stanley ndiye aliyezibeba. Mfuko ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulimfikia Livingstone Novemba 1871, mwaka mzima! Barua hazikupotea, zilikuwa zinangoja njia.

Seva ya barua nayo hupokea, hungoja na kupitisha. Ukibonyeza "tuma", programu yako huikabidhi barua kwa seva ya chuo, kwa kawaida kupitia mlango namba 587, na unajitambulisha kwa nywila. Seva huuliza DNS: barua za kikoa hiki zinapokelewa wapi? Jibu liko kwenye rekodi ya MX. Ndipo barua inapelekwa kwenye mlango namba 25 wa seva ya mpokeaji.

Kwenye Postfix, programu ya seva inayotumika sana, mambo haya hupangwa kwa mistari mitatu:

1. mydestination: vikoa ambavyo barua zake zinaishia hapa hapa.
2. mynetworks: mitandao inayoaminiwa kupitisha barua kwenda nje bila nywila.
3. relayhost: seva ya mbele inayopewa barua zote za nje. Husaidia pale mtoa huduma wa intaneti anapofunga mlango namba 25.

Hatari kubwa iko kwenye mynetworks. Ukiandika 0.0.0.0/0, umeiruhusu dunia nzima. Matapeli wataigeuza seva yako kuwa njia yao, itaingizwa kwenye orodha nyeusi, na ombi halali la mwanafunzi litakataliwa pamoja na takataka zao. Mmoja kaacha mlango wazi, chuo kizima kinaumia. Kwa hiyo weka mtandao wa chuo tu; walio nje waingie kwa nywila.

Halafu kuna utambulisho. Tangu Februari 2024, Gmail inataka kila anayeitumia barua awe na SPF au DKIM kwenye kikoa chake. Bila hivyo, barua inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye barua taka.

Sasa, jinsi ya kusoma majibu ya seva. Angalia tarakimu ya kwanza ya msimbo. Ikiwa ni 2, seva ya upande wa pili imepokea, ingawa mwenyewe anaweza asiione. Ikiwa ni 4, tatizo ni la muda: barua iko foleni, na Postfix isipopangwa vingine itajaribu hadi siku 5 ndipo iirudishe. Ikiwa ni 5, imekataliwa kabisa. Kutuma ile ile mara kumi hakusaidii. Kagua anwani, au mpelekee fundi ujumbe wote uliorudi, usimpe picha ya nusu.

Jipime:
(a) Msimbo 451 unakutaka ufanye nini?
(b) Na 550?
(c) Kwa nini seva ikatae kupitisha barua ya mgeni kwenda kwa mgeni mwingine?