Mimba haibebwi na mama peke yake

Wadogo zangu, leo nina barua kutoka kwa mdogo wetu wa Kamachumu, Muleba.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilimkuta Bukoba mjini akiwa na mimba ya miezi sita. Nyumba ikapasuka ukuta, wakalala nje chini ya turubai wiki tatu. Ardhi ikitikisika kidogo tu, anakumbatia tumbo. Mtoto yule sasa anasoma shule ya msingi. Mlango ukibamizwa anaruka. Usiku hasinzii mpaka ashikwe mkono. Mama mkwe anasema, "Woga huo ulimtia wewe tumboni." Naye ananiuliza: "Dada, nimemharibu mwanangu?"

Hapana, mdogo wangu. Tetemeko hukulileta wewe. Ila sitakuficha: ya mama humfikia mtoto.

Mama akiingiwa na hofu, mwili hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kondo la nyuma huipunguza makali kabla haijafika kwa mtoto. Hofu ikiwa kubwa na isiyokatika, kinga hiyo huzidiwa, na ubongo unaojengwa hujiandaa kwa dunia ya hatari. Ndiyo maana baadhi ya watoto hukua wepesi wa kushtuka, na wengine hufika utu uzima na wasiwasi au sonona.

Kwa jirani zetu Rwanda, utafiti uliotolewa 2014 uliwaangalia wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na watoto wao. Watoto hao, ambao hawakuona lolote kwa macho, walikuwa na dalili nzito zaidi za kiwewe na sonona kuliko wenzao ambao mama zao walikuwa mbali na mauaji. Lakini kumbuka, walilelewa pia na mama waliojeruhiwa moyo. Tumbo lina sehemu yake, na malezi yana yake.

Hapo ndipo penye tumaini. Kagera hii wapo waliokuwa tumboni majeshi ya Idi Amin yalipotuvamia Oktoba 1978. Leo ni baba na mama za watu. Alama si hukumu.

Kwa hiyo mshike mkono huyo mtoto, usimcheke wala usimwite mwoga. Mwambie, "Ni upepo tu, mimi nipo." Rudia kila siku, ubongo wa mtoto bado unajifunza. Na wewe mjamzito unayenisoma, ukipitisha wiki mbili huna usingizi wala hamu ya chochote, usiishie kupimwa tumbo kliniki. Mweleze muuguzi na ya moyoni.

Shikamooni mama zangu wakwe. Nanyi shemeji zangu, nisikilizeni. Matusi, kipigo na njaa ndani ya nyumba ni tetemeko lisilotangazwa redioni. Mkimwona mjamzito anapanda kilima na ndoo kichwani, mpokeeni. Mmempokea na mtoto.