Mbwa Anapotapika na Kuhara Damu kwa Ghafla: Yapi Yafanywe na Yapi Yanunuliwe

Katika vijiji vya Wilaya ya Ruangwa mbwa si pambo la nyumba. Hulinda boma usiku, hufukuza nguruwe pori na ngedere mashambani, na msimu wa ufuta au korosho unapofika hulala kando ya magunia ya mwenye nyumba. Mbwa wa namna hiyo anapoanza kutapika jioni, na kukipambazuka akawa anahara damu, kaya hupatwa na msukosuko wa kweli. Watoto hulia, wakubwa hushauriana, na mara nyingi fedha hutoka mfukoni kabla ya mtu yeyote kujua mbwa anaugua nini.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya saa hizo. Baada ya kulisoma tunatarajia mfugaji aweze kutambua dalili za hatari, kutoa msaada wa kwanza usiomdhuru mbwa wala binadamu, kununua dawa na huduma kwa kuuliza maswali yanayofaa, na kuzuia ugonjwa usirudi nyumbani mwake.

1. Dalili hufanana, vyanzo hutofautiana

Kutapika na kuhara kwa ghafla si jina la ugonjwa mmoja. Kwa watoto wa mbwa, hasa wenye umri wa kati ya wiki 6 na miezi 6, chanzo cha kutiliwa shaka kwanza ni kirusi cha parvo. Kirusi hiki kilienea duniani kuanzia mwaka 1978. Hushambulia utando wa ndani wa utumbo na pia uboho wa mifupa unaotengeneza chembe za kinga ya mwili. Mbwa hupoa, hukataa chakula, hutapika, kisha huhara kinyesi chepesi chenye damu na harufu kali. Dalili huanza kuonekana kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 7 tangu aambukizwe.

Chanzo cha pili ni sumu. Ruangwa ni nchi ya mikorosho, na viuatilifu vya kupambana na ubwiri unga na wadudu huhifadhiwa katika nyumba nyingi. Mbwa anaweza kulamba chombo kilichotumika, kunywa maji yaliyooshea bomba la kupulizia, au kula panya aliyekufa kwa sumu. Mbwa aliyekula baadhi ya sumu hizo hutokwa na mate mengi, hutetemeka au hupatwa na degedege.

Vyanzo vingine ni minyoo, hasa safura, ambayo hunyonya damu na kumdhoofisha mtoto wa mbwa. Mzoga au chakula kilichooza. Na mfupa, kamba au kitambaa kilichomezwa kikaziba utumbo. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anaweza pia kujaa hewa tumboni na tumbo likajipinda. Huyo hujaribu kutapika pasipo kutoa kitu, na tumbo lake huwa gumu kama ngoma. Hali hiyo haisubiri kesho.

Kwa kuwa vyanzo ni vingi, dawa iliyomponya mbwa wa jirani inaweza isimfae wako hata kidogo.

2. Kinachoua haraka ni upungufu wa maji

Mbwa anayetapika na kuhara hupoteza maji na chumvi za mwili kwa pamoja. Damu hupungua wingi wake, moyo hulazimika kwenda mbio, na viungo vya ndani hukosa damu ya kutosha. Mtoto wa mbwa hana akiba kubwa mwilini, hivyo hudhoofika mapema zaidi. Kwa ugonjwa wa parvo usiotibiwa, vifo vingi hutokea ndani ya saa 48 hadi 72 tangu dalili zianze. Anayepata maji ya kutosha na uangalizi mapema huwa na nafasi nzuri ya kupona, kwa sababu mwili hupata muda wa kujenga kinga yake wenyewe.

Kuna njia mbili nyepesi za kupima upungufu huo. Kwanza, tazama fizi: za mbwa mzima wengi huwa za waridi na zenye unyevu, lakini zikipauka au kukauka kuna hatari. Pili, vuta ngozi ya mgongoni kwa vidole viwili kisha uiachie. Ikichelewa kurudi mahali pake, maji yamepungua mwilini.

3. Msaada wa kwanza nyumbani

Kabla ya kumgusa mbwa, hakikisha huna sababu ya kumshuku kuwa na kichaa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kutokwa na mate na kushindwa kumeza, akaonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Usitie mkono kinywani mwa mbwa wa namna hiyo. Mtenge bila kumshika na umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate ya mbwa huyo kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, lakini chanjo inayotolewa mapema huzuia.

Pasipo shaka hiyo, mtenge mbwa mahali penye kivuli, mbali na mbwa wengine na watoto. Andika saa alipoanza kutapika, rangi ya kinyesi, na vitu alivyokula siku mbili zilizopita. Maelezo hayo yatamsaidia mtaalamu.

Kutapika kukitulia kwa saa moja au zaidi, koroga pakiti ya ORS katika lita moja ya maji safi, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Mpe mtoto wa mbwa kijiko kimoja kila baada ya dakika 10 hadi 15, na mbwa mkubwa kiasi kidogo zaidi ya hicho. Aonje mwenyewe, usimmiminie kooni, maana mbwa dhaifu anaweza kupaliwa na maji yakaingia mapafuni. Akitapika tena kila anapokunywa, acha na umpeleke kwa mtaalamu. Akianza kupata nafuu, mpe wali laini pamoja na kuku aliyechemshwa, bila mafuta, vitunguu wala viungo.

Mambo yafuatayo yaepukwe kabisa. Usimpe parasetamo, diklofenaki, ibuprofeni wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu, kwa kuwa huweza kuharibu ini, tumbo au figo za mbwa. Usimpe dawa ya kufunga kuharisha. Sumu na vijidudu hubaki ndani. Usimnyweshe chumvi nyingi, sabuni, mafuta wala majivu ili atapike. Dawa ya minyoo ya ng'ombe isikadiriwe kwa macho, kwani kipimo hufuata uzito, na tone la ziada kwa ng'ombe ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa mbwa.

Mpeleke mbwa kwa mtaalamu bila kungoja iwapo ana umri chini ya miezi 6, anahara damu, hawezi kusimama, fizi zimepauka, tumbo limevimba, anatetemeka, au unajua amekula sumu. Ikiwa ni sumu, chukua na kopo au lebo yake, imefungwa vizuri. Anayeishi Mandawa, Chinongwe au Mbekenyera apige simu kwanza kwa afisa mifugo wa kata kabla ya kukodi bodaboda, ili asifike ofisini akakuta mtaalamu yuko kijiji kingine.

4. Dukani na kwa mtaalamu: haki ya mlaji

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mfugaji ana mtoto wa mbwa anayehara damu. Siku ya kwanza ananunua vidonge vya kuua vijidudu. Siku ya pili ananunua dawa ya minyoo. Siku ya tatu anashauriwa anunue sindano. Jioni ya siku hiyo mbwa anakufa. Mfugaji amelipa mara tatu, na katika hizo tatu hakuna hata moja iliyomrudishia mbwa maji. Laiti fedha ya siku ya kwanza ingelipia nauli ya kwenda kwa mtaalamu na dripu, mbwa angepata nafasi aliyoikosa.

Katika maduka yetu hakuna kidonge kinachokiua kirusi cha parvo. Matibabu ni kurudisha maji, kuzuia kutapika, kulisha mapema na kuzuia vijidudu vingine visiingie kupitia utumbo uliojeruhiwa. Hapo ndipo dawa ya kuua vijidudu inapoweza kuhitajika, kwa uamuzi wa mtaalamu. Vilevile, chanjo haimtibu mbwa ambaye tayari anaumwa. Anayekuuzia chanjo kama tiba anakuuzia kisichofaa.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari Tanzania, linalosajili madaktari wa mifugo na kuwatambua wataalamu wasaidizi. Una haki ya kumwuliza anayekutibia mbwa kuhusu usajili wake, na mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo. Mwulize pia: Unashuku ugonjwa gani, na kwa nini? Dawa hii inafanya kazi gani? Nitaona dalili gani akipata nafuu, na zipi akizidiwa? Gharama yote ni kiasi gani, na tukikosa fedha yote, kipi kitangulie?

Ubora na usalama wa dawa za mifugo nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dukani, soma jina la dawa, mnyama aliyekusudiwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kataa dawa iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo. Dai risiti na uitunze pamoja na kasha. Bila hivyo malalamiko yako hayatakuwa na ushahidi.

5. Chanjo moja haikingi maradhi yote

Wakazi wa kusini wanaifahamu vyema kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuanzia mwaka 2010, kusini mashariki mwa Tanzania, ukiwemo Mkoa wa Lindi, palikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Kampeni hizo huokoa maisha ya watu, na tunamhimiza kila mfugaji apeleke mbwa wake.

Hata hivyo, chanjo ya kichaa hukinga kichaa peke yake. Mbwa mwenye kadi ya chanjo hiyo anaweza kufa kwa parvo wiki ileile. Kinga ya parvo hupatikana katika chanjo nyingine, ambayo kwa kawaida huunganishwa na kinga ya distemper, ugonjwa ambao nao huweza kuleta kutapika na kuhara. Ukali wa distemper ulidhihirika mwaka 1994, ulipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Chanjo ya parvo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha hurudiwa tena kabla hajapita umri wa mwaka mmoja. Marudio hayo si hila ya muuzaji. Kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi, nayo hupungua kwa wakati usiojulikana.

Chanjo hutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Mwulize muuzaji inahifadhiwa wapi, na umeme unapokatika hufanya nini. Chupa iliyokaa rafuni kwenye joto haina thamani, hata ikiuzwa nusu bei. Kwa kuwa chupa moja mara nyingi ni dozi ya mbwa mmoja na huagizwa kutoka mbali, majirani wanaweza kumwomba afisa mifugo aagize kwa pamoja ili kupunguza gharama ya usafirishaji na barafu.

6. Usafi baada ya ugonjwa

Parvo ya mbwa haimwambukizi binadamu, lakini minyoo na baadhi ya vijidudu vya kinyesi cha mbwa humwambukiza. Zoa kinyesi kwa jembe au mfuko, ukifukie mbali na kisima, kisha unawe kwa sabuni. Kirusi cha parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi, na sabuni peke yake haikiui. Sakafu na vyombo vioshwe kwanza, kisha vipakwe maji ya jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, na kuachwa kwa dakika 10. Usilete mtoto mwingine wa mbwa katika ua huo kabla hajakamilisha chanjo zake.

Endapo mbwa amekufa na chanzo hakijulikani, mwarifu afisa mifugo kabla ya kumzika. Sampuli zinaweza kupelekwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, yenye kituo Mtwara. Jibu lake halitamrudisha mbwa, ila linaweza kuwaokoa wa majirani.

Maswali ya kujipima

1. Taja dalili nne zinazokutaka umpeleke mbwa kwa mtaalamu bila kungoja.
2. Kwa nini hairuhusiwi kumminia maji kooni mbwa aliyedhoofika?
3. Mbwa wa jirani amechanjwa kichaa. Je, amekingwa dhidi ya parvo? Eleza.
4. Tazama kadi ya mbwa wako leo. Ni chanjo ipi haijaandikwa humo, na afisa mifugo wa kata yako anapatikana kwa namba gani ya simu? Iandike nyuma ya kijitabu hiki.