Kumwuguza Mwenzi Nyumbani Pamoja na Marafiki

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya fedha, wakwe, malezi ya watoto na uaminifu. Mwezi huu nataka tuongee juu ya jambo ambalo wenye ndoa wengi hukwepa hata kulitaja, yaani siku ile daktari anapowaambia kwamba ugonjwa hautapona, na kwamba ni afadhali mgonjwa arudi nyumbani. Wengi husikia maneno hayo kama kufukuzwa. Bwana hutoka hospitalini amebeba mkoba wa mkewe na bahasha ya picha za eksirei, na kabla hajafika kwenye lango lake jirani ameshauliza, "Kwani wamekataa kumtibu?"

Hawakukataa. Daktari akisema saratani imeenea mwilini, hana maana kwamba hakuna kazi iliyobaki. Maumivu yanaweza kutulizwa. Kutapika kunaweza kupunguzwa, kidonda kikaoshwa kisinuke, mgonjwa akalala usiku. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa tiba shufaa, na watu wa hospisi ndio waliojifunza kuifanya. Usidhani kwamba hospisi ni lazima iwe nyumba ya kupeleka watu wakafie humo. Nyumba zipo, kama ile ya St Christopher's ambayo Daktari Cicely Saunders aliifungua London mwaka 1967 na ambayo wengi duniani walijifunza kwayo. Lakini kwetu mgonjwa kwa kawaida hubaki kwake. Muuguzi huja kumwona, au mmoja wenu huenda kuchukua dawa na maagizo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na ziko nyingine Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa. Kama unaishi mbali nazo, uliza katika hospitali ya kaunti au ya misheni iliyo karibu kama kuna muuguzi wa tiba shufaa. Uliza kabla hujatoka wodini, maana ukishafika nyumbani na giza limeingia ni vigumu kujua pa kuanzia.

Sasa tuje kwenu ninyi wawili. Mwenzi wa mgonjwa mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wako wanaokimbia: bwana anaanza kuchelewa kazini, anamwachia mama yake au binti wa darasa la saba kazi yote. Juu ya hao sitasema mengi. Wanajua walichoahidi siku ya harusi. Wengi zaidi hufanya kinyume chake. Hufunga mlango na kutaka kubeba kila kitu peke yao, na sisi huwasifu tukidhani huo ndio upendo.

Katika jumuiya moja niliyokuwa nikiifundisha palikuwa na mwalimu ambaye mkewe alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Mama huyo alikuwa akitokwa na uchafu wenye harufu, na yule mwalimu, kwa kumlinda aibu yake, alianza kuwaambia wageni kwamba amelala. Alipika, alifua, aliosha, aliamka usiku mara nne, na asubuhi alikwenda shule. Baada ya mwezi mmoja nguo zilikuwa zikimning'inia. Aliyevunja ukuta huo ni mama aliyekuwa akiuza mboga sokoni pamoja na mgonjwa. Hakuja kusema pole. Alikuja na kalamu, akaomba daftari kuukuu la mtoto, akaketi jikoni na kuuliza, "Mwalimu, niambie kazi za nyumba hii tangu asubuhi mpaka usiku." Akaziandika zote. Kisha akaenda nalo kwenye jumuiya Jumapili, na kabla ya sala ya kufunga kila kazi ilikuwa na jina la mtu. Hakuchaguliwa na yeyote kuwa mwenyekiti wa shughuli hiyo, wala hakuna aliyethubutu kumpinga.

Natamani kila nyumba yenye mgonjwa iwe na daftari kama hilo. La maana ni kwamba lisishikwe na bwana au bibi wa mgonjwa. Lishikwe na rafiki mmoja, ili anayetaka kusaidia aende kwake. Katika daftari la yule mama mmoja alikuwa akichota maji asubuhi, mwingine akifua mashuka Jumanne na Ijumaa. Kijana wa pikipiki alikwenda kuchukua dawa kila baada ya wiki mbili bila kudai nauli. Jirani asiye Mkatoliki aliwapokea watoto jioni na kuwasimamia kazi ya shule. Wanawake wawili walilala pale usiku wa Jumatano na wa Jumamosi, na usiku huo mwalimu alikatazwa kuamka. Siku mbili za usingizi kwa wiki zilimrudisha kuwa mtu.

Na wewe rafiki unayesoma haya, acha kusema, "Mkihitaji chochote mniambie." Hawatakuambia. Sema, "Alhamisi nitakuja kufua." Ukija kusalimu, keti nusu saa uondoke, wala usingoje chai. Usije na kundi la watu kumi saa mbili usiku mkaimba nyimbo kumi na mbili na mtu hata kugeuka hawezi. Tena usisimulie habari za shangazi yako aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Mnakumbuka katika Injili ya Marko, sura ya pili, wale wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza hadi juu ya paa? Hatuambiwi hata neno moja walilolisema. Tunaambiwa walibeba.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Tuna bidii sana ya kuchanga mtu akishakufa. Hema, viti, basi la kwenda mazishini, jeneza la kung'aa, vyote hupatikana kwa siku nne. Lakini wiki tatu kabla ya hapo mgonjwa huyo huyo alikosa sabuni, nepi za watu wazima na nauli ya kwenda kuchukua dawa. Harambee ifanywe mapema. Hata ndogo.

Nirudi kwenye maumivu, maana hapa ndipo familia nyingi hutesa mgonjwa bila kujua. Kwa maumivu makali muuguzi anaweza kuwapa mofini ya maji, ya kunywa. Watu huiogopa. Husema itamzoesha kama bangi, au kwamba ikishaanza kutolewa basi mtu ameuawa. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, kwa ajili ya maumivu, haiui wala haimfanyi mtu kuwa mlevi. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Anayengoja kilio humfanya mwenzake apande mlima ule ule kila siku. Siku za kwanza anaweza kusinzia sana au kuhisi kichefuchefu, na mara nyingi hupungua. Lakini choo hufunga, na hakiachi kufunga, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku ile ile mnayopewa mofini. Msiongeze wala kupunguza kipimo wenyewe, mpigieni muuguzi. Na kama dhamiri inamsumbua mtu, ajue kwamba Papa Pius XII aliwaambia madaktari tangu mwaka 1957 kwamba ni halali kutuliza maumivu ya mgonjwa kwa dawa, na Katekisimu ya mwaka 1992 inaitaja huduma hii kuwa namna ya pekee ya mapendo.

Mwili wenyewe nao una mahitaji yake. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Mito na leso zilizokunjwa huwekwa mahali ambapo mifupa hugusa kitanda. Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo. Kama kidonda kinanuka, mwambieni muuguzi bila haya, kwa sababu kuna dawa ya harufu. Yule mwalimu aliteseka mwezi mzima kwa jambo ambalo lilitulia kwa siku chache.

Je, nani amwoshe? Swali hili hunong'onezwa tu. Kwa mila zetu nyingi mkwe hawezi kumwona mkwe wake akiwa uchi, na mwana wa kiume hawezi kumwosha mama yake. Msivunje mila hizo kwa nguvu na kumwongezea mgonjwa aibu. Mwulizeni mwenyewe. Wengine hupenda dada, wengine rafiki wa zamani, na wengi, ingawa hawasemi, wangependa bwana wao. Ninyi wanaume mnaodhani kumwosha mke ni kazi ya wanawake, huo ni mwili uliouoa. Ukishindwa kuosha, paka mafuta miguu yake. Shika mkono.

Hapa ndipo faida ya marafiki inapoonekana katika ndoa. Anayefua, kupika na kukimbilia dawa mchana kutwa huwa mtumishi aliyechoka, na jioni hana neno la kumwambia mwenzake ila, "Fungua kinywa umeze." Marafiki wakizichukua kazi hizo, wewe unabaki na ile ambayo hakuna awezaye kukusaidia, yaani kuwa bwana wake, au bibi yake. Kaeni pamoja. Kama daktari hakukataza na mgonjwa haumii, lala kando yake kama zamani. Ombaneni msamaha kwa yale mliyoyafunika miaka mingi. Wala usimdanganye kwamba wiki ijayo atakuwa shambani. Mara nyingi mgonjwa anajua, naye ananyamaza ili asikuumize wewe. Mwulize tu, "Unaogopa nini?" Kisha sikiliza mpaka amalize.

Zungumzeni pia juu ya mali, akili zake zikiwa bado nzima. Hati ya shamba iko wapi, nani anadaiwa, akiba ya chama ina jina la nani. Sheria ya Urithi ya Kenya hukubali wosia wa maandishi uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Shahidi asiwe yule atakayerithi. Wosia wa mdomo nao hukubalika mbele ya mashahidi wawili, lakini tu ikiwa aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu. Wajane wengi wamefukuzwa kwao kwa sababu bwana aliona haya kulisema jambo hili.

Kuhusu padre, msingoje. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya mtu anayekata roho tu; huhitajika mara ugonjwa unapokuwa wa hatari, na huweza kurudiwa ukizidi. Mwiteni mgonjwa angali anaweza kuungama na kuitikia sala pamoja nanyi. Komunyo inaweza kuletwa nyumbani kila Jumapili, mkiomba.

Siku za mwisho mgonjwa hukataa chakula. Msimlazimishe uji, mwili umeacha kuuhitaji, na unaweza kumsonga. Lowesheni midomo yake. Pumzi inaweza kukoroma, mikono na miguu ikapoa. Endeleeni kuongea naye kwa upole, maana yawezekana bado anasikia. Kubalianeni mapema na muuguzi juu ya usiku huo: nani apigiwe simu, dawa gani itolewe. Namba ya simu ibandikwe mlangoni, ili mtu asikimbie barabarani saa nane kutafuta gari na mgonjwa akafia njiani katikati ya watu asiowajua.

Akifariki nyumbani, habari ipelekwe kwa naibu wa chifu ili mpate kibali cha mazishi. Rafiki mwenye daftari amtume mtu, si mfiwa. Mofini iliyobaki irudishwe kwa muuguzi. Jirani mwenye mguu unaouma ataiomba. Asipewe.