Kitako kwanza, darubini baadaye

SWALI: Nina leseni ya bunduki na hulenga shabaha za mbali. Nikilala kifudifudi kwa muda, shingo huuma na darubini hunigonga juu ya jicho. Ninunue nyingine?
– Msomaji, Diani

JIBU: Usinunue kitu, ndugu yangu. Anza na kitako. Ukiwa klabuni, hakikisha bunduki haina risasi, kunja kiwiko nyuzi 90, kisha egemeza kitako ndani ya kiwiko. Pingili ya mwisho ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio. Isipofika, kitako ni kirefu mno. Ikipita sana, ni kifupi, nawe jicho unalileta karibu mno na kioo.

Sasa lala kama unavyolenga, fumba macho, laza shavu hadi shingo ilegee, kisha fumbua. Ukilazimika kuinua kichwa ndipo uone, shavu linataka kimo zaidi: funga sponji ngumu juu ya kitako kwa mkanda, ujaribu. Darubini huja mwisho. Nyingi zinataka sentimita 8 hadi 10 kutoka jichoni. Iweke kwenye ukuzaji wa juu kabisa, uisogeze mbele mpaka kivuli cheusi cha pembeni kiishe. Wengi huifunga wakiwa wamesimama, na ukilala jicho husogea mbele. Naamini kuifunga hivyo ndiko kunakokuumiza.

Tena huko kwetu pwani, mbao za kitako hunywa unyevu wa masika na kuvimba hadi kuugusa mtutu. Pitisha noti kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, mwone fundi mwenye leseni.